Kutengeneza Jarida la Sanaa za Kidijitali na Muziki wa Kielektroniki: Mwongozo Kamili wa Toleo la Kwanza

Kazi za sanaa zinazotengenezwa kwa kompyuta hufa mapema kuliko karatasi. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe iliacha kuihudumia Flash, programu yake ya kuonyesha michoro ya mwendo kwenye wavuti, na michoro, michezo na mashairi ya skrini yaliyokuwa yakiitegemea yakageuka mstatili mtupu kwenye kivinjari. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba muziki mwingi uliopakiwa kwake miaka ya nyuma ulipotea wakati wa kuhamisha seva. Singeli ya mwanzo, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, iliyokuwa ikipita kwa kadi za simu na Bluetooth huko Tandale, Manzese na Mburahati, nyingi haikuwahi hata kupakiwa popote.

Kwa hiyo jarida la fani hii lina wajibu ambao jarida la burudani la kawaida halina. Linatakiwa liiandike kazi kwa ukamilifu kiasi kwamba mtu atakayelifungua miaka ishirini baadaye, kazi yenyewe ikiwa haipo tena, aelewe ilikuwa nini, ilitengenezwaje na ilisikika au kuonekana vipi. Uamuzi wowote ulio hapa chini, kuanzia saizi ya ukurasa hadi maneno yanayokaa chini ya picha, umepimwa kwa kigezo hicho.

Chagua uwanja mwembamba

Majarida yaliyodumu katika fani hii yalijua mipaka yake. The Wire ya London imekuwepo tangu 1982 kwa kuandika muziki ambao vyombo vikubwa haviugusi. Neural, aliyoianzisha Alessandro Ludovico huko Bari, Italia, mwaka 1993, imeshika mambo matatu tu: sanaa ya vyombo vipya, muziki wa kielektroniki na uanaharakati wa wadukuzi. De:Bug ya Berlin iliunganisha muziki wa dansi wa mashine na maisha ya kompyuta kuanzia 1997 hadi ilipofungwa 2014. Huko Ufaransa MCD ilijenga matoleo juu ya mada moja moja, na huo ni mtindo mzuri kwa timu ndogo, maana mada hukusaidia kukataa makala.

Andika sentensi moja inayosema jarida lako linashughulikia nini na haligusi nini. "Muziki wa Afrika Mashariki" ni uwanja mpana mno. "Muziki unaotengenezwa ndani ya kompyuta Dar es Salaam, Kampala na Nairobi, pamoja na picha na video zinazoambatana nao" unatosha kujaza matoleo sita. Anza na matoleo mawili kwa mwaka. Ukiahidi kutoa kila mwezi, toleo la tatu ndilo litakalokushinda, kwa sababu ruhusa za picha peke yake huchukua wiki tatu hadi sita.

Saizi ya ukurasa huamuliwa na karatasi ya mchapaji

Kosa la gharama kubwa hufanyika hapa, kabla neno halijaandikwa. Mashine nyingi za uchapaji wa kidijitali hutumia karatasi ya SRA3, yaani milimita 320 kwa 450. Jarida la A5 likifunguliwa ni A4. Ongeza milimita 3 za kukata kila upande, upate 303 kwa 216. Vipande viwili vya ukubwa huo vinaingia kwenye SRA3, kwa hiyo karatasi moja, ikichapwa pande zote mbili, inatoa kurasa 8.

Sasa chukua saizi ya kupendeza ya milimita 170 kwa 240. Ikifunguliwa, pamoja na ziada ya kukata, ni 346 kwa 246. Kinaingia kipande kimoja tu, na karatasi inatoa kurasa 4. Kurasa zilezile 40 zinakula karatasi 10 badala ya 5, sawa kabisa na A4, huku sehemu kubwa ya karatasi uliyolipia ikitupwa. Ukitaka ukurasa mkubwa, nenda A4 moja kwa moja. Ukitaka nafuu, baki A5. Katikati yake hakuna faida kwenye mashine hizi. Mashine za ofseti (zinazochapa kwa sahani) zina karatasi za vipimo vingine, kwa hiyo uliza kwanza kisha piga hesabu upya.

Mfano tutakaoutumia ni A5, kurasa 40 za ndani na jalada la kurasa 4, nakala 200, ukibanwa kwa pini mbili mgongoni. Kwa mbano huo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Kwa nakala 200 za mfano huu unahitaji:

- karatasi 1,000 za SRA3 za gramu 100 (uzito wa mita moja ya mraba) kwa kurasa za ndani, na nyingine 50 za kuharibika
- karatasi 100 za SRA3 za gramu 250 kwa majalada (mawili kwa karatasi), na nyingine 10 za kuharibika

Gramu 100 ni chaguo la makusudi. Gramu 80 huonyesha picha ya upande wa pili, hasa zile zenye weusi mwingi, na kazi za skrini karibu zote zina weusi mwingi.

Gawa kurasa kabla ya kuomba makala

Chora visanduku 40 kwenye karatasi moja na uandike kitu ndani ya kila kimoja. Mgawanyo unaofanya kazi: kurasa 2 za yaliyomo na taarifa za uchapishaji, makala kuu tatu za kurasa 6 kila moja, mahojiano kurasa 6, kurasa 8 za picha tupu, tathmini za albamu na maonyesho kurasa 4, na kurasa 2 za somo la kiufundi. Jumla 40.

Ukurasa wa A5 wenye herufi za pointi 9.5 na nafasi ya mistari ya pointi 13 unachukua maneno kama 320 ya Kiswahili. Makala ya kurasa 6 yenye picha nusu inataka maneno 1,000 tu. Mwambie mwandishi idadi hiyo siku ya kwanza, tena kwa maandishi. Mwandishi asiyepewa kikomo huleta maneno 2,500, na mhariri anayeyakata usiku wa mwisho hukata majina ya programu na tarehe kwanza kwa sababu yanaonekana makavu, wakati hayo ndiyo yaliyopaswa kubaki.

Kadi ya kazi

Hii ndiyo sehemu inayolitofautisha jarida la fani na mengine. Kwa kila kazi utakayoitaja kwa zaidi ya sentensi mbili, jaza kadi kabla ya kuandika makala. Kwa kazi ya picha, video au usanikishaji (kazi inayojengwa ukumbini), kadi iwe na jina la kazi kama msanii anavyoliandika, mwaka wa kukamilika, programu na toleo lake, mashine iliyotumika, vipimo kwa pikseli na kwa mita, muda na kama inajirudia, ina sauti au haina, na kama inahitaji intaneti ili iende. Kisha andika ilionyeshwa wapi, faili asili yuko nayo nani, na picha mnayochapa inaonyesha nini hasa: fremu ya faili, picha ya skrini, au picha iliyopigwa ukumbini. Wasomaji wengi huchanganya hayo matatu, na majarida mengi hayawasaidii.

Toleo la programu ni la lazima. "Imetengenezwa kwa Blender" haimsaidii mtu. Blender 2.79 na 2.80 zinatofautiana sana: injini ya zamani ya kuchorea iliondolewa, na faili iliyotegemea injini hiyo ikifunguliwa kwenye toleo jipya inatoka na sura nyingine.

Kwa wimbo, kadi ina mwimbaji au MC, prodyuza, studio na mtaa, mwaka wa kurekodi na mwaka wa kutoka (mara nyingi si mmoja), programu, chanzo cha sampuli, urefu kwa dakika na sekunde, na kasi ya midundo kwa dakika. Andika pia ni toleo lipi la wimbo. Singeli ina toleo la redio, toleo la kigodoro lililorefushwa, na toleo lililochezwa moja kwa moja na DJ. Ukitathmini moja huku msomaji akiwa na jingine, tathmini yako haina maana kwake.

Kasi usiichukue kwa programu bila kuipima mwenyewe. Vipimaji vingi vimepangiwa muziki wa kasi ya kati, kwa hiyo wimbo wa midundo 210 kwa dakika huandikwa 105. Piga makofi kwenye kila mdundo wa pili kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, kisha kwa 2. Ukipata makofi 26, hiyo ni 208. Rudia sehemu tatu tofauti za wimbo, kwa maana baadhi ya maprodyuza hupandisha kasi katikati. Singeli huenda kati ya 200 na 300, na kuiandika kwa nusu ni kuusema vibaya muziki wenyewe.

Mwisho, msomee msanii kadi nzima kwa simu, usimtumie tu. Akiwa anasikiliza atasahihisha mambo ambayo asingeyasahihisha akisoma, hasa majina ya walioshiriki.

Kupata picha zinazochapika

Picha ya kuchapa inahitaji pikseli 300 kwa kila inchi kwenye ukubwa itakaochapwa. Ukurasa mzima wa A5 pamoja na ziada ya kukata (milimita 154 kwa 216) ni pikseli 1819 kwa 2551. Fremu ya video ya 1920 kwa 1080 inatoa upana wa milimita 162 na urefu wa 91. Maana yake inakaa vizuri ikilala juu ya ukurasa, lakini ukiikata ili isimame ijaze ukurasa mzima, itavunjika. Panga kurasa kufuatana na ukweli huo, usiilazimishe picha.

Omba faili asili ya video, usitumie ile iliyopakiwa mtandaoni wala iliyopitishwa WhatsApp. Mibano hiyo hufuta rangi za kingo, na kwenye kazi za mistari myembamba uharibifu unaonekana kwa macho. Fremu itoe kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -ss 00:01:12 -i kazi.mov -frames:v 1 fremu.png

Toa fremu kumi au zaidi kuzunguka sekunde unayoitaka, kisha chagua isiyo na ukungu wa mwendo. Hifadhi kwa PNG. Ukihifadhi kwa JPEG na kuifungua tena mara kadhaa, vijisanduku vya mbano vitaanza kuonekana kwenye maeneo yenye rangi moja.

Michoro ya pikseli ina sheria yake. Ikuze kwa kuzidisha kwa namba nzima tu, kwa njia ya "jirani wa karibu", bila kulainisha. Mchoro wa 64 kwa 64 ukizidishwa mara 28 unakuwa pikseli 1792, sawa na milimita 152 kwenye karatasi. Ukiukuza mara 28.4 ili ujaze nafasi, baadhi ya pikseli zitakuwa nene kuliko nyingine, na mtengenezaji wake ataligundua kosa hilo kabla ya kufungua ukurasa wa pili.

Kupiga picha ya projekta au ukuta wa LED ukumbini kunawashinda hata wapiga picha wazuri wa harusi. Projekta nyingi za DLP hutoa rangi kwa zamu kupitia gurudumu linalozunguka. Ukipiga kwa kasi ya 1/200 unapata mistari ya rangi isiyokuwepo. Shuka hadi 1/50, au 1/25 kama hakuna mtu anayetembea mbele, na tumia stendi. Weka nyeupe ya kamera (white balance) kwenye kelvini 6500 na usiiachie ijipangie, la sivyo kila fremu itakuwa na rangi yake. Ukuta wa LED huleta mawimbi ya duara yasiyokuwepo, kwa sababu vitone vya ukuta na vitone vya kamera vinapishana. Badilisha umbali kwa hatua moja au mbili, au geuza pembe kidogo, ukuze picha kwenye kioo cha kamera, uangalie tena. Yakigoma, legeza fokasi kidogo sana.

Skrini siku zote inang'aa kuliko chumba. Piga mara mbili kutoka sehemu ileile: moja ya skrini, nyingine ya chumba na watu, kisha ziunganishe. Na angalau picha moja ya kila usanikishaji iwe na mtu ndani yake, maana bila mtu hakuna anayejua kama kitu kina urefu wa sentimita thelathini au mita tatu.

Rangi za skrini hazipo kwenye wino

Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, uchapaji kwa wino nne: saiani, magenta, njano na nyeusi. Kijani cha neoni, bluu ya umeme na zambarau kali haziwezi kutoka kwa wino hizo. Zinafifia, na bluu mara nyingi huelekea zambarau. Sanaa za kidijitali zimejaa rangi hizo hasa, kwa hiyo tatizo hili ni la kila toleo.

Mwombe mchapaji wasifu wa rangi wa mashine na karatasi yake. Akikosa, tumia FOGRA39 kwa karatasi yenye mng'ao na FOGRA52 kwa isiyo na mng'ao. Fungua picha kwenye Krita au Photoshop, washa hakikisho la rangi za uchapaji (soft proof), kisha rekebisha ukiwa unaitazama hali hiyo. Usijaribu kuirudisha rangi iliyopotea kwa kuongeza ukolezi, maana utapoteza vivuli vya ndani na kupata bapa moja. Tunza tofauti kati ya rangi na rangi. Bluu ikififia, fifisha kidogo na zinazoizunguka, na jicho litaisoma tena kama bluu kali. Mwonyeshe msanii matokeo kabla ya kuchapa. Wapo watakaopendelea picha yao itoke kwa nyeusi na nyeupe, na hilo ni jibu la heshima.

Karatasi isiyo na mng'ao hunywa wino na kufanya picha iwe nyeusi zaidi. Inua toni za kati kwa asilimia 10 hadi 15. Jumla ya asilimia za wino zote nne isizidi 300 kwenye karatasi hiyo. Ikizidi, kurasa hazikauki na zinachafuana.

Nyeusi ziko mbili. Maandishi yawe nyeusi asilimia 100 peke yake, bila rangi nyingine. Mandhari kubwa jeusi liwe na saiani 60, magenta 40, njano 40 na nyeusi 100, la sivyo litatoka kijivu. Ukiweka herufi nyeupe juu ya mandhari hilo, zisipungue pointi 10 na ziwe nene. Sahani za rangi zikisogeana kwa sehemu ndogo tu ya milimita, herufi nyembamba hujaa rangi na kuzibwa.

Kama toleo lina rangi za neoni kurasa chache tu, risografu, mashine inayochapa rangi moja moja, inafaa kwa kurasa hizo. Ina wino wa waridi wa neoni halisi. Unatoa faili moja ya kijivu kwa kila rangi, ukubwa wa juu ni A3, na karatasi iwe isiyo na mng'ao kwa sababu wino wake haukauki kwenye karatasi laini. Hata kwenye karatasi sahihi huacha alama vidoleni, kwa hiyo usiutumie kwa jalada.

Kupanga maandishi ya Kiswahili

Maneno yetu ni marefu. Safu mbili za milimita 58 kwenye A5 zina herufi kama 38 kwa mstari, na "wanaoshughulikia" peke yake ni herufi 16. Ukinyoosha pande zote mbili unapata mapengo makubwa katikati ya mistari. Tumia safu moja ya milimita 100, iliyonyooka kushoto tu. Ukingo unaobaki upande wa nje ndio unaoweka kadi za kazi kwa herufi za pointi 7.5.

Zima ukataji wa maneno. Programu nyingi za kupanga kurasa hazina kanuni za Kiswahili, hivyo hukata kwa kanuni za Kiingereza na kukuletea "kus-oma". Ukilazimika kukata kwa mkono, kata baada ya irabu: "ku-soma", "mwandi-shi". Usitenganishe ch, sh, ny, dh, wala ng'. Na hakikisha alama ya ng' ni moja jarida zima. Makala zilizoandikwa kwenye simu huja na alama za aina tatu tofauti. Tafuta na ubadilishe kabla ya kupanga.

Kwa programu, Scribus ni ya bure, inafanya kazi na wino nne na inatoa PDF ya uchapaji. Affinity (zamani Affinity Publisher) na InDesign ni rahisi zaidi kutumia. Jarida zuri linatoka kwa yoyote kati ya hizo.

Kuelezea sauti na mwendo kwa maneno

Mwandishi wa tathmini afuate mpangilio huu: kwanza kinachosikika, pili jinsi kilivyotengenezwa, tatu hukumu. "Midundo mikali" haisemi kitu. "Kinanda cha taarabu kimekatwa sekunde mbili, kimepandishwa kasi mpaka noti zinagongana, na sauti ya MC inaingia kwenye dakika ya pili bila ngoma chini yake" inasema. Kwa video, eleza dakika moja ya kazi tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Maneno 120 yanatosha. Hukumu ije baada ya hapo, na iwe wazi. Jarida la fani lisilosema kazi ipi ni dhaifu huacha kuaminika hata linaposifu.

Muziki unaoambatana na toleo

The Wire imekuwa ikiwapa wateja wake wa kudumu mkusanyiko wa nyimbo, Wire Tapper, tangu 1998. Wewe unaweza kutoa wako kwa msimbo wa QR. Chukua faili za WAV kutoka kwa maprodyuza, si MP3. Pima nguvu ya kila wimbo kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, na uzisogeze zote karibu na LUFS −14, kilele kisipite desibeli −1. Punguza nyimbo zenye nguvu nyingi badala ya kuzisukuma zilizo chini. Na kama mkwaruzo ni sehemu ya mtindo, uache. Kuisafisha singeli ni kuiharibu.

Kwenye faili jaza jina la wimbo, msanii, prodyuza na toleo la jarida, kisha toa FLAC, umbizo linalobana faili bila kupoteza ubora.

Msimbo wa QR uelekeze kwenye kikoa chako mwenyewe, si moja kwa moja kwenye jukwaa la muziki. Jukwaa likifungwa, unabadilisha mwelekeo, na karatasi zilizokwisha kuuzwa zinaendelea kufanya kazi. Anwani isizidi herufi 26, ili msimbo ubaki na visanduku 25 kwa 25 hata ukiwa na urekebishaji makosa wa kati. Uchape kwa milimita 22, nyeusi juu ya nyeupe, na ukingo mtupu wa visanduku vinne kila upande. Andika anwani kwa herufi chini yake. Jaribu kuusoma kwa simu ya bei nafuu, kwenye mwanga hafifu, kutoka kwenye nakala ya majaribio iliyochapwa.

Ruhusa na usajili

Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na mara nyingi wenye nazo si watu walewale. Picha ya usanikishaji nayo ina haki ya msanii na ya mpiga picha. Ruhusa iandikwe ikitaja matumizi (karatasi, PDF au vyote), idadi ya nakala, kama toleo linaweza kurudiwa kuchapwa, malipo, na jinsi jina litakavyoandikwa. Kubali kwa WhatsApp ikibidi, lakini hamisha mazungumzo hayo kwenye PDF na uyahifadhi pamoja na faili za toleo. Mashaka yakizidi, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) na KECOBO ya Kenya ndio pa kuuliza.

Tanzania, chapisho la vipindi linahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, inayotolewa na Idara ya Habari (MAELEZO). Ukiweka maudhui mtandaoni, soma pia kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zinazosimamiwa na TCRA, pamoja na marekebisho yake. Fanya hivi kabla ya kuchapa, si baada.

Omba ISSN, namba ya tarakimu 8 ya machapisho ya vipindi. Nchi isiyo na kituo chake huhudumiwa na kituo cha kimataifa kilichoko Paris. Toleo la karatasi na la mtandaoni hupewa namba tofauti.

Kwa mchapaji

Toa PDF yenye kurasa moja moja kwa mfuatano wake wa kusoma, ziada ya milimita 3 pande zote, fonti zikiwa ndani ya faili. Usimpelekee kurasa zilizounganishwa mbili mbili, maana yeye ndiye anayezipanga kwa ajili ya kukunja na mpangilio wako utamvuruga. Kitu chochote muhimu kikae angalau milimita 5 kutoka mstari wa kukata.

Kwa kurasa 40, karatasi kumi zilizokunjwa na kupachikana husukuma zile za katikati nje kwa milimita moja hivi, kisha kisu huzikata. Namba za ukurasa zilizo karibu na ukingo huliwa kwenye kurasa za 18 hadi 23 hata kama zipo salama mwanzoni mwa jarida. Zisogeze ndani.

Dai nakala moja kamili ya majaribio, iliyochapwa kwenye karatasi ileile na kubanwa. Picha ya skrini au printa ya ofisini haitoshi. Ishike mchana, karibu na dirisha, na ukague yafuatayo: jalada limepasuka rangi kwenye mkunjo? Hapo halikupigwa mstari wa kukunjia kabla, au nyuzi za karatasi zinakwenda kinyume na mkunjo. Wino wa unga kwenye jalada jeusi hupasuka hata hivyo. Lipakwe plastiki nyembamba au uache mgongo mweupe. Kurasa za nyuma zimepinda kuliko za mbele? Karatasi ilisogea mashineni, na hilo hurekebishwa kabla ya kuendelea. Picha mbili zinazokutana katikati ya jarida zinalingana tu kwenye kurasa za 20 na 21, ambazo ni karatasi moja. Kwingine zitapishana kidogo, kwa hiyo usipitishe uso wa mtu hapo.

Kwa nakala 200, uchapaji wa kidijitali ndio sahihi. Kuanzia nakala 500 omba bei ya ofseti pia, na uilinganishe kwa nakala moja.

Bei, uzito na hifadhi

Chukua gharama yote, pamoja na malipo ya waandishi na wasanii, ugawe kwa nakala 170, si 200. Thelathini zinakwenda kwa waliochangia, kwenye maktaba na kwenye hifadhi yako. Kisha ongeza sehemu ya duka. Kama duka linachukua asilimia 30, gawa gharama ya nakala kwa 0.7 ndipo upate bei ambayo haikutii hasara.

Nakala ya mfano huu ina gramu 62 za kurasa za ndani na 16 za jalada, jumla 78. Ikiwa ndani ya bahasha nyepesi ya gramu 20 inabaki chini ya gramu 100, kipimo ambacho ni vyema ukiulizie posta kabla hujachagua karatasi. Ukipandisha kurasa za ndani hadi gramu 120, unafika 90 kabla ya bahasha.

Peleka nakala za amana Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, au maktaba ya taifa ya nchi yako. Kazi za mtandaoni mlizoziandika zinaseni kwa ArchiveWeb.page, zana ya kunasa kurasa za wavuti, siku ileile mnayokamilisha kadi, na zile za Flash zijaribuni kwenye Ruffle, programu inayoiga Flash. Kisha wekeni folda moja ya toleo: PDF ya uchapaji, faili za kupanga kurasa, fonti, picha asili, WAV, kadi zote kwa maandishi matupu, ruhusa zote. Nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba mnayofanyia kazi. Zifungueni zote tatu kila mnapoanza toleo jipya, na diski iliyokataa kusomeka ibadilisheni wiki hiyohiyo.